Bajeti Nayo Hupandwa Mvua za Kwanza

Kama uko Sumbawanga mjini jioni hii, huna haja ya kuambiwa; unaisikia mvua mwenyewe ikigonga bati. Kama uko Laela, Matai au Namanyere, huenda imekufikia jana, au umeona wingu tu limetanda ukajua kesho haipiti. Majembe yametolewa uvunguni. Bei ya mbegu imeulizwa dukani mara tatu, na ya mbolea mara nne. Na yule baba aliyekuwa akisema mwaka huu atapumzika, leo ameamka saa kumi na moja alfajiri.

Kazi yangu katika kipindi hiki ni kukueleza yanayoendelea halmashauri na yanayokuja mtaani kwako. Orodha ninayo hapa mezani, tutaifikia. Ila leo naomba nianze na kalavati.

Ilikuwa kiangazi, mwezi wa 7, ile baridi yetu ya uwanda wa Ufipa inayomfanya mgeni kutoka Dar es Salaam avae kila alichokuja nacho. Mahindi yalikuwa yamevunwa, watu wana nafasi. Mtaa mmoja hapa mjini, sitautaja, uliitisha mkutano, na watu walifurika. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia. Akasema masika yaliyopita watoto walivushwa mtaroni kwa kubebwa mgongoni ili wafike shule, kwa hiyo yeye anaomba kitu kimoja tu: kalavati. Watu wakapiga makofi. Mtendaji, kijana mpole, aliandika kwenye daftari, kisha akasema, "Mzee wangu, hoja ni nzuri, lakini bajeti imeshapita. Imeanza kutumika tarehe 1 mwezi huu."

Mzee akauliza, "Mahitaji mliyakusanya lini?"

"Tulianza Novemba, mzee. Tulibandika tangazo, tukaita mkutano. Walikuja watu wachache sana."

"Novemba!" Mzee akawageukia wenzake. "Jamani, Novemba hapa Ufipa nani anakaa nyumbani?"

Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Lakini njiani nikirudi, kicheko kiliniisha, kwa sababu niligundua kwamba wote wawili walisema kweli. Mtendaji aliita mkutano. Mzee alikuwa shambani. Na kalavati likapotea katikati yao, bila mwizi.

Msikilizaji, hapa kwetu tunaishi kwa kalenda mbili. Moja ni ya mvua. Uwanda wetu una msimu mmoja: inaanza kunyesha Novemba, inakatika Aprili, basi. Ukikosa kupanda kwa wakati, umeukosa mwaka mzima. Kalenda ya pili ni ya Serikali. Mwaka wake wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni. Ukiitazama juu juu, utadhani Julai ndipo mambo yanapoanza. Sivyo. Julai ni mavuno. Shamba lilishalimwa zamani.

Tuyapange mambo taratibu. Mwongozo wa kuandaa bajeti hutoka Hazina kabla mwaka wa kawaida haujaisha. Ndipo mitaa na vijiji vinapotakiwa kukaa, kutaja mahitaji yao na kuyapanga kwa umuhimu, kwa utaratibu unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Orodha za mitaa zinakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kata inachambua, inapeleka halmashauri. Wataalamu wanapima na fedha iliyopo, na mwanzoni mwa mwaka Baraza la Madiwani linakaa kupitisha. Kutoka hapo mpango unakwenda ngazi ya mkoa, kisha taifani. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumaliza Juni. Likishapiga kura, kazi ya kuomba imekwisha. Imebaki ya kutekeleza.

Sasa weka kalenda hizi mbili sambamba. Mtaa unaulizwa mahitaji yake wakati mkulima anapanda. Madiwani wanapitisha wakati mkulima anapalilia. Bunge linajadili wakati maharage yanavunwa. Na mkulima anapomaliza yote, akaoga, akavaa koti, akakaa kivulini na kusema sasa nina nafasi ya mambo ya mtaa, anaambiwa imeshapita.

Ukitaka kuona tulivyozoea kinyume chake, tazama sherehe zetu. Nane Nane, ambako sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tunakutana Mbeya kwenye viwanja vya John Mwakangale, ni Agosti. Siku ya Serikali za Mitaa ni tarehe 1 Julai. Harusi, kipaimara, ngoma, mechi za Uwanja wa Nelson Mandela ambazo mtu anatoka Ntendo kwa miguu kuja kuziona: wakati mzuri wa yote ni jua likiwaka na ghala likijaa. Na ni haki yetu, mchumia juani hulia kivulini. Ila tujue kwamba kwetu kiangazi ni msimu wa sherehe, na masika ndiyo msimu wa maamuzi. Kwenye sherehe tunajaa. Kwenye maamuzi tunatuma salamu.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Maofisa wengi wanaipenda methali hii. Lakini mimi nina neno na methali hii leo. Aliye shambani si mtu asiyekuwepo. Yupo, yuko kazini, na kazi yake ndiyo inayoilisha hiyo halmashauri yenyewe.

Sitaki uione hii kama sifa za bure. Mkoa wetu wa Rukwa ni mmoja wa mikoa inayotegemewa na nchi kwa mahindi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake hapa Sumbawanga, na vihenge vyake vinaonekana kwa mbali. Gunia likitoka Ufipa kwenda sokoni, halmashauri inachukua ushuru wa mazao. Mwaka 2017 Bunge liliushusha kutoka asilimia 5, usizidi 3, na likasema mzigo usiozidi tani 1 unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine usitozwe. Hilo likumbuke siku ukisimamishwa na magunia yako matano kwenye kizuizi. Ushuru huo, pamoja na wa soko, leseni na vibanda, ndio unaitwa mapato ya ndani.

Na katika mapato ya ndani, kila halmashauri nchini inatakiwa kutenga asilimia 10 kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko kuhusu namna ilivyokuwa ikitolewa na kurejeshwa, ikafunguliwa tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa hiyo gunia la shangazi yako lililopita kizuizini linaweza kurudi likiwa cherehani ya binti yake pale Majengo, au mashine ya kukamua alizeti ya vijana wa kata ya pembezoni. Linarudi kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, chenye akaunti, kilichojaza fomu kwa wakati. Ukisikia tangazo la Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako, usiliache litokee sikio la pili.

Nimesema kata. Ngoja nieleze kidogo nani ni nani, maana nusu ya manung'uniko ninayoletewa hapa redioni yamebisha mlango usio wake.

Mwenyekiti wa mtaa wako ulimchagua wewe, tarehe 27 Novemba 2024, kwa miaka mitano. Mtendaji wa mtaa na wa kata ni waajiriwa. Diwani anachaguliwa na kata, na madiwani ndio wanaomchagua meya miongoni mwao. Mkurugenzi wa manispaa na Mkuu wa Wilaya wanateuliwa na Rais. Barabara ya vumbi inayopita mbele ya nyumba yako iko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barabara kuu, kama ile ya lami inayotuunganisha na Tunduma, ni ya TANROADS. Bomba la mjini ni la SUWASA, bomba la kijijini ni la RUWASA. Ukijua mlango, utabisha mara moja badala ya mara tano.

Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi. Narudia, viko wazi. Huingii kuchangia, unaingia kusikiliza, na diwani anayejua kwamba watu wa kata yake wamekaa nyuma ya ukumbi huongea tofauti kabisa na diwani anayejua hawapo. Kijijini, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Kisha yabandikwe ubaoni.

Huo ubao, msikilizaji, nauheshimu kuliko watu wengi wanavyouheshimu. Mji wetu jina lake lenyewe ni amri. Sumba wanga: tupa uchawi. Wageni hulitumia kututania, sisi tumezoea. Lakini fikiri uchawi ni nini katika mambo ya umma. Unaamka asubuhi unakuta kibanda chako kimepigwa alama ya X na hujui kwa nini. Unasikia barabara imekwenda mtaa wa pili na hujui nani aliamua. Unaona darasa limesimama bila paa na hujui fedha imekwamia wapi. Kitu kikifanyika gizani, hata kama ni cha halali, watu watakiita uchawi, watamtafuta mchawi, na mara nyingi watamkosea. Karatasi iliyobandikwa ubaoni, yenye tarehe, kiasi na sahihi, hiyo ndiyo kuutupa uchawi. Mtendaji anayeacha ubao mtupu asishangae akizushiwa.

Haya, orodha yangu sasa, maana wengine mnaitaka hiyo tu.

La kwanza ni usafi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kama ilivyo nchi nzima, ni siku ya usafi. Mwezi huu naomba tusiishie kufagia mbele ya duka. Ni mitaro. Maji ya mvua ya kwanza yanabeba kila kitu tulichotupa miezi 6 ya kiangazi. Ndugu zetu wa bondeni, kule Muze, Ilemba na Mtowisa, wanajua maji machafu yanaleta nini. Kipindupindu kimewahi kulitesa bonde la Rukwa, na si mara moja. Maji hayapandi mlima. Uchafu wa juu unashuka.

La pili, tarehe 25 Novemba hadi tarehe 10 Desemba ni siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Zisiwe siku za fulana tu. Ofisi ya ustawi wa jamii ipo siku zote, na dawati la jinsia na watoto liko polisi. Nawasemesha hasa jirani zetu, wale wanaosikia kelele ukutani na kuongeza sauti ya redio. Ipunguze. Nenda.

La tatu, tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, na tarehe 9, Siku ya Uhuru. Sikiliza matangazo ya kata yako ujue upimaji utafanyika wapi na shughuli za Uhuru zitakuwa zipi.

La nne ni shule. Januari haiko mbali. Mtoto anayeanza awali au darasa la kwanza aandikishwe sasa, usisubiri wiki ya mwisho. Ada ilifutwa katika shule za Serikali, lakini sare na daftari havikufutwa. Na hapa ndipo idadi yetu inapokuja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Rukwa watu 1,004,539. Ya mwaka 2022 ikahesabu 1,540,519. Nusu milioni na zaidi kwa miaka 10! Manispaa peke yake imevuka laki 3. Darasa lililojengwa kwa watoto 45 halijui kutanuka. Kwa hiyo anayesema "bajeti hainihusu" amtazame mwanawe amekaa wa ngapi kwenye dawati.

La tano ni miti. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, na itakapofika tutapiga picha tukiwa na jembe. Ila wewe Mfipa unajua kwamba Aprili mvua yetu inaaga. Mche uliopandwa Aprili unakutana na kiangazi bado haujajua jina lake. Panda Desemba, panda Januari. Na ukitazama upande wa milima ya Mbizi, kumbuka ule msitu si pambo la mlima. Ndiko yanakotoka maji tunayokunywa mjini, na ndiko walikobaki mbega wekundu ambao maeneo mengi ya nchi hayanao. Ukikata kuni Mbizi umekata bomba, ila tu kelele zake utazisikia Oktoba mwakani.

Na la sita, ambalo kwangu ndilo la kwanza: mikutano ya mitaa na vijiji ya kukusanya mahitaji ya bajeti ijayo. Ndiyo msimu wake huu. Mvua hii unayoisikia batini ndiyo kengele yake.

Sasa nina ombi kwa pande mbili.

Kwa watendaji na wenyeviti. Ndugu zangu, tangazo lililobandikwa Jumatatu kwa ajili ya mkutano wa Jumatano saa 4 asubuhi, mwezi wa 11, hapa Ufipa, ni kana kwamba halikubandikwa. Itisheni saa 10 jioni. Itisheni Jumapili watu wakitoka misani, na Ijumaa watakaosali msikitini waambiwe huko huko. Mpeni paroko, mchungaji na imamu karatasi mapema. Mfungieni kijana wa bajaji kipaza sauti apite mara mbili. Na kata za pembezoni kama Mollo, Ntendo na Matanga, ambako mji unaisha na mashamba yanaanza, tangazo lifike shambani, maana ndiko waliko watu. Haya hayahitaji fedha za mfadhili.

Kwako wewe uliyeshika jembe. Najua huwezi kuacha mvua. Lakini nyumba yenye watu wazima 4 haishindwi kutoa mmoja kwa saa 2. Kaeni jioni, mkubaliane jambo moja, moja tu, mnaloliona la kwanza. Kalavati, au zahanati, au choo cha shule. Mliandike. Anayekwenda akasimame alitaje, ahakikishe limeingia kwenye muhtasari, na kabla hajaondoka aombe asomewe alichoandikiwa. Kisha mwezi wa 2, umuulize diwani: lilifika?

Utaniambia, "Mtangazaji, nitaje leo, nipate mwakani, au nisipate kabisa?" Nami nitakujibu kwa jambo ambalo bibi yako alikuwa akilifanya mbele ya macho yako.

Wazee wetu wa Ufipa walilima kwa intumba. Mvua zikikaribia kwisha, udongo ukiwa bado laini na majani yamesimama marefu, waliyakusanya majani mabichi, wakayafunika kwa udongo, wakatengeneza matuta ya mviringo, uwanda mzima ukawa kama umejaa mitungi iliyogeuzwa. Wengine walipachika maharage juu yake. Ndani, majani yalioza kiangazi kizima bila mtu kuyaona. Mvua za mwaka uliofuata ziliposhuka, waliyabomoa matuta, wakausambaza udongo ule mweusi, wakamwaga ulezi. Hakuna aliyekaa juu ya tuta mwezi wa 5 kulalamika kwamba ulezi haujaota. Walijua walichofukia, na walijua ni cha lini. Walifanya kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, pombe ya kimpumu ikisubiri kivulini. Watu waliojua kulima kwa ajili ya mwaka ujao hawawezi kushindwa na kalenda ya halmashauri.

Wiki hii nilimwona yule mzee wa kalavati. Alikuwa anatoka shamba, matope mpaka magotini, jembe begani. Nikamwamkia, nikamuuliza kama amesikia mkutano wa mtaa ni lini. Akaniambia hajui tarehe, lakini amekwisha kumwagiza mjukuu wake wa kidato cha tatu apite ubaoni kila akitoka shule.

"Na akikuta ubao mtupu?" nikamuuliza.

"Aende ofisini akaulize kwa nini."

Akahamishia jembe bega la pili, akaendelea na safari yake. Nami nimekuja hapa kukusomea orodha yangu. Usiku mwema, na mbegu zishike.